Koti la Mzee Pazi Lafika kwa Wagiriki

Kabla ya kutoka Toongabbie

Haya, wenzangu, tangu nirudi hamnipi nafasi ya kupumua. Mama Esperansi na Kikongo chake, kila Jumapili: "Aah dada, kule mulifanyaka nini? Utuambiye yote, bwana!" Wanjiru naye kama Wakenya wote, haraka haraka: "Kalunde, si utuambie tu vile kulienda! Unatuweka hivi aje?" Nimewasikia. Kuandika sijui, shule niliipita nje nikienda kisimani, ila simu za siku hizi unaziongelea zinaandika zenyewe. Palipoharibika, itukaneni simu.

Mwanaidi mnamjua, yule Mzaramo wa mtaa wa nyuma yangu, hapahapa Sydney. Mie Mnyamwezi wa Tabora. Sasa nyie Wakenya na Wakongo mtanisamehe nieleze kidogo: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani wako unamtukana mbele za watu na hakasiriki. Unamwita mtumwa wako, naye anakuita mpagazi wake, sababu babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Na akifiwa, wewe ndiye unayevaa nguo za marehemu, unatembea kama yeye, unaongea kama yeye, unazuia jeneza lisitoke, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Msiba bila mtani, mtu anazikwa lakini haondoki.

Mume wa Mwanaidi, Mzee Pazi, alikufa kwa moyo wakati ule wa korona tulipofungiwa ndani kama kuku. Mazishi makaburini Lidcombe, watu kumi tu, na mtani hakuwemo kwenye kumi. Nyumbani kwao haendi mtu. Wakaniweka kwenye simu. Mie hapo sebuleni peke yangu nikafanya kazi yangu yote: nikamwigiza Pazi, nikagombana na jeneza, nikajitupa chini kwenye zulia, goti likalia ko! Kumaliza ndo wananiambia, "Bibi, sauti yako ilikuwa imezimwa." Watu wameona tu bibi kizee anafungua mdomo kama samaki sato.

Tangu siku hiyo Mwanaidi hakulia. Wala hakucheka. Namtukana, ananijibu, "Sawa." Jamani! Mzaramo umwambie ukoo wake wote umezaliwa ngomani, mkunga kaacha kazi kaenda kucheza, akujibu "sawa"? Nikaogopa. Nikasema huyu anamfuata mumewe, tena kwa miguu, taratibu.

Safari yenyewe ya Ugiriki ilikuwa ya wao wawili, zawadi ya watoto wao kabla ya korona. Pazi ndiye aliyeitaka. Ujanani alifanya kazi Kimamba, kwenye shamba la mkonge la Mgiriki, na yule Mgiriki kila siku aliwaambia vibarua: "Kwetu kuna uwanja wa maigizo wa mawe, mtu akinong'ona chini, wa juu kabisa anasikia." Pazi hakuamini mpaka anazeeka. "Mwongo yule! Mie nitakwenda, nitasimama pale, nitamwambia mwongo!" Sasa kafa hajaenda. Watoto wakasema, mama, nenda ukapumzike. Mwanaidi akasema kwenye kiti cha marehemu akae mpagazi. Yaani mie. Lakini alisema bila kutabasamu, kama mtu anayesoma jina la stesheni.

Nikafunga sanduku. Chini kabisa, chini ya khanga, nikaficha koti la Pazi. Mnalijua lile koti la ghalani, rangi ya chungwa, na mistari inayong'aa ukilimulika. Alilivaa kazini, alilivaa dukani, alilivaa kwenye harusi ya binti yake juu ya suti. Nikajiambia: matanga yake nitayafanya hukohuko, na safari hii sauti haizimwi.

Toongabbie mpaka angani

Treni hadi uwanja wa ndege hatukuongea. Mwanaidi kavaa barakoa mbili, macho tu kama anachungulia dirishani kwa jirani.

Pale wanapopekua mizigo, kijana wa sare akafungua sanduku langu akavuta koti. Na sauti yao ile ya puani: "Unaenda kazini, mpenzi?" Wao kila mtu mpenzi. Nikamwambia, ndiyo, kazi kubwa. Bahati Mwanaidi alikuwa anavua viatu, hakuona.

Ndegeni nikajaribu mara ya kwanza. Mnakumbuka Pazi na chakula? Hakuna chakula alichokila kabla ya kukitukana. Binti akaleta sinia, kufungua, kuna kitu cheupe kimelala kwenye maji. Nikakohoa ile kohoa yake, nikasema kwa sauti yake, "Hiki nini? Mbona kinanitazama?" Mwanaidi akageuka, akashusha kipazia cha dirisha, akalala. Au akajilaza. Nikala vyeupe vyote viwili peke yangu.

Doha tukakwama. Bwana mmoja kagoma kuvaa barakoa, ndege haiondoki. Polisi wanambembeleza, yeye anajibu, "Mimi napumua!" Nani kakuuliza? Sisi wote tunapumua! Tukakaa pale mpaka nikajifunza kulia kwa kila mtoto aliyekuwemo. Wa kiti cha mbele alilia kwa kupanda, e-e-eee, wa nyuma kwa kushuka. Mwanaidi akasema, "Acha, Kalunde." Nikafurahi hata hiyo "acha".

Athene na filimbi zake

Kiongozi wetu Despina, mama mwembamba, mwavuli wa njano juu kama bendera. Kila mtu akapewa kidude cha sikioni, yeye anaongea mbele na sauti inakuingia kichwani: "Maifrendi, maifrendi, tunakwenda pamoja!" Kundi lenyewe wazee watupu wa Australia, na magoti yetu. Tukipanda ngazi unasikia ko, ko, ko, kama mahindi ya kukaanga.

Juu ya kile kilima chao maarufu kuna nyumba ya mungu wao wa kike, imebomoka, haina paa, na mawe yake yana walinzi kuliko benki. Nikaegemea nguzo: pwiii! "Madamu! No tachi!" Nikakaa: pwiii! Nikajifunga khanga vizuri: pwiii! Hapo nikaelewa, kuimba hapa au kuvaa koti la marehemu nitafungwa.

Despina akatuhadithia miungu. Jamani, ile familia! Mkubwa wao, Zeu, ana mke nyumbani, lakini anajigeuza ng'ombe dume aende kwa binti wa watu, kesho anajigeuza bata mweupe. Nikamwambia Mwanaidi, "Hata wanaume wa kwenu Kisarawe hawajafika huko." Akasema, "Sawa."

Halafu tukaenda kwenye makaburi yao ya zamani. Kwenye mawe wamechonga mtu na mkewe wanashikana mikono, mmoja kakaa, mmoja kasimama, kama wanaagana stesheni. Despina sikioni akasema, zamani waliamini maiti ambayo haikufanyiwa mambo yake sawasawa haivushwi mto. Inabaki ukingoni, inazunguka tu, inazunguka. Mwanaidi akakitoa kile kidude sikioni. Akauzungusha waya kwenye kidole mpaka ncha ikawa nyeupe. Mie nikalikumbuka lile koti kule sandukuni.

Sasa chakula cha jioni. Meza ndefu, bilinganya na nyama ya kusaga, zeituni chungu, jibini la mbuzi lenye chumvi ya kutosha kuhifadhi ngozi. Mbele yetu kakaa Brayan, fundi bomba mstaafu wa Penrith, uso mwekundu, mtu mwema kabisa. Akauliza, "Na nyie wawili mmejuanaje?"

Mie na Kiingereza changu, ambacho nikikitoa nakitoa chote, nikanyoosha kidole kwa Mwanaidi nikasema kwa fahari: "Shi izi mai slevu!" Huyu ni mtumwa wangu.

Vijiko vikasimama. Hata mhudumu akasimama na jagi.

Brayan akamwinamia Mwanaidi, sauti ya hospitali: "Dia, hii ni kweli?"

Mwanaidi akafuta mdomo kwa kitambaa, polepole. Akasema, "Kweli. Tangu mababu. Na ananilisha makombo."

Wenzangu! Moyo wangu uliruka! Hilo ndilo neno la kwanza la utani kutoka kinywani mwake tangu msiba! Nikapiga meza, nikacheka mpaka barakoa niliyoishusha kidevuni ikaingia kwenye mchuzi. Sasa hebu nitazameni kwa macho ya wale wazungu: mtumwa anakiri, bwana wake anacheka machozi.

Basi la kwenda Delfi

Asubuhi Despina akaniita pembeni. "Kalunde. Kwenye kundi langu, heshima." Nikamwambia ni utani. Akasema, "Utani mimi naelewa. Huu si utani." Nikamwambia muulize mwenyewe Mwanaidi. Wakamuuliza. Mwanaidi akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Naogopa kusema."

Ananikomoa, Mzaramo yule! Nikataka kumkumbatia, wakanizuia.

Wakatutenganisha. Yeye chumba chake, mie changu. Kwenye basi yeye kiti cha mbele, Brayan pembeni yake kama askari wa ikulu, mie nyuma kabisa na masanduku. Na kutoka hapo, mambo yakageuka. Kwa kuwa siko karibu, hakuna wa kumchokoza, akarudia kimya chake. Nachungulia katikati ya vichwa, naona kitambaa chake cha kichwani kimeegemea kioo, hakigeuki. Brayan anampa biskuti, anakataa. Nikasema, Kalunde, ulikuwa umeshika mkia wa ng'ombe, na sasa umeuachia.

Delfi ni mlimani, baridi, na zamani alikuwepo mganga mwanamke. Anakaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, anavuta moshi, anasema maneno hayaeleweki, na wafalme wanakuja kumuuliza. Wazee wote wanashangaa, "Ooh!" Mie nashangaa nini? Tabora wamejaa, tena kigoda kilekile. Despina akatuambia tutembee wenyewe kimya, tutafakari. Akaenda nyuma ya mwamba. Mara masikioni mwetu, sauti ya mwanamke, kali, Kigiriki, inapanda inashuka, inalaani! Wazee wakasimama. Bibi mmoja akafunga macho, akaweka mkono kifuani. Brayan akavua kofia.

Alikuwa Despina anagombana na mama yake kwenye simu, kasahau kuzima kipaza sauti.

Nilicheka peke yangu, kwenye mawe, mbali. Nikatafuta uso wa Mwanaidi. Alikuwa ameshavua kidude chake, hakusikia lolote.

Mikene, kaburi kama mzinga

Mikene kuna mfalme alirudi kutoka vitani, mkewe akamwogesha, na kwenye kuogeshwa humohumo akamuua. Wanaume wote wa kundi wakasogea karibu na wake zao, au mbali nao, sikuona vizuri.

Kaburi wanaloliita la mfalme wamelichimba kwenye kilima. Unaingia mlango mrefu, ndani duara, mawe yanapanda mpaka yanakutana juu. Mzinga wa nyuki kabisa, na mie wa Tabora mzinga siambiwi. Giza, ubaridi, na ukikohoa linakohoa nawe. Nikasema, hapa! Kaburi ndilo hili, giza lipo, filimbi hakuna. Nikamwona Mwanaidi nje na Brayan wamepanga mstari kuingia. Nikakimbilia kwenye kona, nikavaa koti, nikalifunga mpaka shingoni, nikasubiri. Mtu akaingia. Nikatoka kwa ule mwendo wa Pazi, bega moja mbele kama anapita mlango mwembamba, nikakohoa, nikanguruma: "Hatuziki mtu hapa!"

Alikuwa Brayan peke yake. Mwanaidi kaishia mlangoni, hakutaka kuingia kaburini. Brayan akawasha taa ya simu, mistari ya koti ikawaka pwaa! Wenzangu, yule mzee na magoti yake yale alitoka mle kama risasi.

Mpaka chakula cha mchana bado anatetemeka. Anawaambia, nimemwona mfalme. "Anang'aa, mwili mzima unang'aa!" Despina anamwekea barafu shingoni, anamwambia joto hilo, bia hiyo. Mie nakula samaki wangu nimeinamisha kichwa, koti nimelikalia. Mwanaidi alikuwa ng'ambo ya meza. Aliniangalia mara moja, muda mrefu. Halafu akaangalia kile kipande cha rangi ya chungwa kilichochomoza chini ya paja langu. Nikakisukuma ndani.

Epidauro

Ndio ule uwanja wa Mgiriki wa Kimamba. Mimi nilitegemea kitu kidogo. Wenzangu, ni kilima kizima kimekatwa ngazi za mawe kama bakuli, misonobari juu, na chini katikati kiduara cha udongo chenye jiwe moja jeupe. Mwanaidi alisimama akatazama. Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha Brayan akamshika mkono wakaanza kupanda, safu kwa safu, mpaka juu kabisa, wakawa kama kunguru wawili kwenye waya.

Mie goti lile la zulia likakataa. Despina akasema, "Kalunde, kaa chini na mabegi." Mpagazi, si nimewaambia?

Despina akasimama kwenye jiwe, akachana karatasi, chrrr. Kule juu wazee wote: "Ooh!" Akawasha kiberiti. "Aah!" Mara simu yake ikalia. Mama yake. Akaenda nyuma ya miti.

Jiwe likabaki tupu.

Nikavaa koti. Sasa mlinzi wa pale, mama mnene wa makamo, filimbi mdomoni, alinitazama. Lakini koti lile, jamani! Alidhani mie fundi, nimekuja kutengeneza kitu. Akanipungia mkono nipite.

Nikaenda bega mbele. Nikafika kwenye jiwe, nikakohoa ile kohoa. Kohoa ikapanda bakuli lote, nikaiona inafika, vichwa vikageuka safu kwa safu. Nikaanza, kwa sauti yake Pazi, wala sikupaza:

"Mwanaidi! Huyu Mgiriki yuko wapi? Nimekuja, na sisikii kitu! Mwongo yule!"

Juu, kitambaa chake hakikutikisika.

Nikamwigiza yuko dukani. Mnajua Pazi hakuwahi kukubali kwamba mashine ya kujilipia haina bei ya mwisho. Miaka yote pale dukani alikuwa anapatana nayo bei. Nikashika mfuko wa hewa: "Dada! Dada wa mashine! Hivi vitunguu mwisho wake ngapi? Mie mteja wako wa siku zote." Nikafanya mashine, ile sauti ya msichana aliyekula barafu: "Tafadhali weka bidhaa kwenye mfuko." Nikarudi Pazi, mkono kiunoni: "Usinibadilishie mazungumzo. Nimekuuliza bei." Mashine: "Tafadhali subiri msaada." Pazi: "Msaada wa nini, mie mgonjwa? Punguza kidogo niende! Mke wangu ananisubiri nje, yule usimwone kimya vile, akiingia hapa utazimika!"

Wazungu wakaanza kucheka, hawaelewi neno, wanacheka mwendo. Mlinzi akastuka, fundi gani huyu? Akainua filimbi.

Ndipo nikasikia. Kutoka juu kabisa, sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka kusimama mlangoni na mwavuli, wala hakupiga kelele:

"Pazi, rudisha vitunguu twende zetu."

Nimesikia kila neno. Kama yuko begani kwangu. Mgiriki wa Kimamba hakuwa mwongo.

Na kazi ya mtani haina kunyamaza. Nikajitupa chini kwenye lile jiwe, nikajilaza kifudifudi, "Siendi! Hazikwi mtu hapa!" Na juu akaanza kucheka. Mnakijua kile kicheko chake cha zamani cha kuanguka ngazi? Kikashuka bakuli zima, safu kwa safu, kikafika chini kimegeuka. Kilikuwa kilio. "Mume wangu miee! Pazi wangu miee! Umeniacha na mashine!" Alilia kama wanavyolia kwao, sauti yote, bila aibu, na yale mawe hayakuacha hata chozi moja lipotee.

Mlinzi akaitoa filimbi mdomoni. Akafanya ishara ya msalaba kwa kinyume chao kile, bega la kulia kwanza, akakaa kwenye jiwe la mbele, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja msibani akapewa mkeka.

Wale wazee walipiga makofi kwanza, walidhani igizo. Kisha wakaacha, mmoja mmoja.

Alishuka mwenyewe, hakutaka kushikwa. Ilichukua muda, ngazi zile. Mie bado nimelala, na goti lile nani ataninyanyua? Akasimama juu yangu, pua imevimba, akasema, "Mnyamwezi, umemfanya mfupi."

"Alikuwa mfupi."

"Hakuwa mfupi hivyo." Akanipa mkono. Nikamvulia koti nimrudishie, akalisukuma. "La mtani hilo. Si umezika?"

Brayan akaja anahema, macho mekundu kuliko uso. Akamuuliza Mwanaidi, taratibu, kama sasa yuko huru. Mwanaidi akamwambia, "Hapana, Brayan. Utumwa huu tunazaliwa nao. Mwambie na Despina aturudishe chumba kimoja, huyu asipokoroma silali."

Kurudi

Safari ya kurudi aliongea toka Athene mpaka Sydney, nikaomba Mungu amrudishie kimya kidogo tu. Chakula cha ndegeni alikitukana yeye kabla yangu.

Uwanja wa ndege wa kwetu, mnajua wanavyouliza, una mbegu, una udongo, una mnyama? Mwanaidi akaninyooshea kidole. "Huyu. Katoka porini Tabora, hajachanjwa." Tukawekwa pembeni, masanduku yakafunguliwa yote, viatu vyangu vikaoshwa udongo wa Ugiriki kwa brashi. Mwanaidi kakaa kwenye kiti ananitazama, anakula biskuti ya Brayan.

Jana asubuhi kanipigia. Sijasema halo, anaanza: "Mpagazi, umekufa?"

"Bado."

"Basi usijali. Ukifa mie ndiye nitakayekuigiza. Nimeanza mazoezi." Na hapohapo kwenye simu akaanza: kaguna kama mtu anainuka kwenye kochi, goti likalia ko, nadhani alilifanya kwa ulimi, akasema yale ninayowajibu nyie kila Jumapili, "Haya, wenzangu, tangu nirudi hamnipi nafasi ya kupumua." Halafu akacheka kicheko changu.

Nikamwambia sicheki hivyo mie.

Nikakata simu. Nikacheka, kidogo tu, nijisikie. Ndivyo hasa.